Kiima au shamirisho? Mwanafunzi na data yake mtandaoni

Ukimuuliza mwanafunzi wa chuo kikuu hapa Nairobi data yake iko wapi, atakujibu kwamba imeisha. Kwake data ni bando: megabaiti alizonunua asubuhi kwa shilingi hamsini, zikakata kabla ya somo la saa nane. Hiyo ndiyo maana iliyoota mizizi mitaani, na sina ugomvi nayo. Ila kuna maana ya pili, ile ya taarifa anazoziacha mtu nyuma yake kila anapofungua jukwaa la masomo mtandaoni, ambayo ingali ngeni masikioni mwa wengi. Bando tunalijua kwa kuwa tunalilipia. Hizi taarifa tunazitoa bure, na aghalabu hatuulizi zinaenda wapi.

Wiki hii, msomaji wangu, tuitazame maana hiyo ya pili kupitia historia ya jukwaa moja, Duolingo. Nimelichagua kwa kuwa safari yake inafahamika hatua kwa hatua, na kwa kuwa Kiswahili kimo ndani yake tangu Februari 2017, kikiwa lugha ya kwanza ya Kiafrika kufunzwa humo. Swali langu ni hili: mwanafunzi anapolijenga somo kwa majibu yake, kwa makosa yake na wakati mwingine kwa kalamu yake mwenyewe, kilichojengwa ni cha nani, na nani huamua kitumikeje?

Hadithi inaanza kabla ya Duolingo yenyewe. Luis von Ahn, mzaliwa wa Guatemala aliyekuwa akifundisha sayansi ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon mjini Pittsburgh, Marekani, ni mmoja wa waliobuni zile herufi zilizopindapinda ambazo tovuti zilikutaka uzisome na kuzichapa ili uthibitishe kwamba wewe ni binadamu, si mashine. Mnamo 2007 zoezi hilo likageuzwa kuwa kazi. Mfumo mpya, reCAPTCHA, ulikuonyesha maneno mawili: moja ambalo mashine ililijua, na jingine lililotolewa katika kitabu au gazeti kuukuu ambalo mashine ilishindwa kulisoma. La kwanza lilikuwa mtihani wako, la pili lilikuwa kibarua. Kwa njia hiyo nakala za zamani za gazeti la New York Times zilichapwa upya, neno kwa neno, na watu waliodhani wanafungua tu akaunti ya mtandaoni. Mwaka wa 2009 Google ikainunua reCAPTCHA. Kama ulikuwa na mazoea ya kuingia saiba za katikati ya jiji miaka hiyo, kuna uwezekano mkubwa uliwahi kukitia mkono kibarua hicho, tena ukilipa wewe, shilingi kwa dakika.

Von Ahn na mwanafunzi wake Severin Hacker waliipeleka mantiki hiyo kwenye ujifunzaji wa lugha. Katika hotuba yake ya mwaka 2011, von Ahn aliuliza vipi watu milioni 100 wanaweza kuutafsiri mtandao mzima bila malipo. Jibu lake lilikuwa kuwafundisha lugha. Duolingo ilipofunguliwa kwa umma Juni 2012, mwanafunzi wa Kihispania alianza na sentensi nyepesi, kisha akapewa makala halisi atafsiri kama zoezi. Wanafunzi wengi walitafsiri sentensi ileile, wakakosoana na kupigia kura tafsiri bora, na matokeo yakawa tafsiri inayosomeka. Mnamo Oktoba 2013 kampuni ilitangaza kwamba CNN na BuzzFeed zingeyatumia makala yaliyotafsiriwa hivyo. Mwanafunzi hakulipa senti. Mteja alilipia jasho lake.

Wapo wanaouita mpango ule unyonyaji. Mimi naona kwamba, katika hatua zote nitakazozitaja hapa, ile ndiyo iliyokuwa bayana zaidi. Mwanafunzi aliambiwa: tutakufundisha bure, nawe utatufanyia kazi. Alikijua alichokuwa akikitoa, alikiona kwa macho yake, na angeweza kuikataa tafsiri na bado akaendelea na masomo. Chuo chochote cha ufundi hapa nchini kinaielewa biashara hiyo. Mwanafunzi wa useremala hutengeneza madawati, madawati yakauzwa, na hakuna anayejifanya kwamba yaliota yenyewe.

Mpango huo ulifungwa Januari 2017. Kampuni iliegemea sasa matangazo na malipo ya wale wasiotaka kuyaona matangazo hayo. Mtu angedhani kwamba tangu hapo mwanafunzi hakuwa tena na cha kutoa. Kumbe alichokuwa akikitoa kilikuwa kimebadilika tu, kikawa hakionekani.

Mwaka wa 2016 watafiti wawili wa kampuni hiyo, Burr Settles na Brendan Meeder, walichapisha makala ya kitaalamu kuhusu jinsi ya kukadiria ni lini mwanafunzi atalisahau neno. Waliazima dhana ya nusu-maisha kutoka kwa fizikia: kila neno lina muda wake kichwani mwako, na muda huo ukipita uwezekano wa kulikumbuka huwa umeshuka hadi nusu. Ukilikosea neno, muda unafupishwa; ukilipata, unarefushwa; na programu inakurudishia neno lile karibu na wakati unapokaribia kulisahau. Ili kuifundisha hesabu hiyo walitumia rekodi takriban milioni 13 za wanafunzi waliokuwa wakijibu maswali, kisha wakaziweka wazi kwa watafiti wengine, majina yakiwa yameondolewa. Kama mtafiti, naushangilia uwazi huo. Kampuni nyingi zingezificha. Kama mwalimu, kinachonishughulisha ni kile kilichokuwa kimegeuka kuwa malighafi. Lilikuwa ni kosa.

Katika darasa nililosomea mimi, kosa lilikuwa na maisha mafupi. Mwalimu alilipiga mkwaju mwekundu, ukasahihisha, muhula ukaisha, na daftari lile hatimaye likaishia kwa mama muuza njugu, ambaye alilichana kurasa akafungia njugu za shilingi. Hakuna aliyejua mwaka wa 1972 nilishindwa mara ngapi na ngeli ya U-I. Leo mtoto wa Gredi ya Nne anayejifunza kwa tableti anaacha nyuma kila jibu, sekunde alizochelewa kabla ya kubofya, saa aliyoacha na siku aliyokata tamaa. Daftari lake halifungi njugu. Halipotei kabisa, na si yeye anayelishika.

Sasa tuje kwa Kiswahili. Mnamo Oktoba 2013 Duolingo ilifungua mlango kwa watu wa kujitolea waandike masomo ya lugha ambazo kampuni haikuwa na wataalamu wake. Masomo mengi ya lugha zilizokuwa mbali na macho ya soko, Kiswahili kikiwemo, yalijengwa kwa njia hiyo. Asiyewahi kuandika somo kama hilo anaweza kudhani ni kazi ya kuorodhesha maneno. Sivyo. Chukua sentensi ya maneno matatu tu: ‘Anamwona nyanya yake.’ Kiambishi ‘a-’ hakisemi kama anayeona ni mwanamume au mwanamke, kwa hivyo kwa Kiingereza lazima majibu yote mawili yakubalike. ‘Yake’ nayo yaweza kuwa ya mwanamume au ya mwanamke, na si lazima awe yuleyule anayeona, kwa hivyo majibu yanakuwa manne. Kisha kuna ‘nyanya’, ambaye huku Kenya ni mama wa mama au wa baba, na sokoni ni tunda jekundu la kupikia mchuzi. Ni ule ‘-mw-’ wa ‘anamwona’ unaotuambia kwamba hapa hatuzungumzii mboga. Mtanzania atasema heri tungeandika ‘bibi’, yakaisha. Mwandishi wa kujitolea alilazimika kuyawazia haya yote, sentensi baada ya sentensi, maelfu ya mara.

Na hakuwa peke yake. Chini ya kila swali palikuwa na kitufe cha mwanafunzi kuripoti kwamba jibu lake lilistahili kukubaliwa. Ripoti hizo zilimrudia mwandishi, naye akaongeza jibu jipya kwenye orodha. Isitoshe, kila sentensi ilikuwa na ukurasa wake wa mjadala ambapo wanafunzi walielezana kwa nini ni ‘gari la mwalimu’ wala si ‘gari ya mwalimu’, ijapokuwa mitaani kwetu hiyo ya pili ndiyo utakayoisikia zaidi. Huo ulikuwa ualimu halisi. Kwa hivyo somo lile lilikuwa na waandishi wa aina mbili, waliojiandikisha kuandika na waliokuja kujifunza wakajikuta wanaandika.

Machi 2021 kampuni iliufunga mpango wa kujitolea, ikawalipa waliowahi kuuchangia zaidi ya dola milioni 4 kwa jumla, na kazi ikaendelea na watu wa kuajiriwa na wa kandarasi. Julai mwaka huohuo Duolingo iliingia katika soko la hisa la Nasdaq, kila hisa ikiuzwa kwa dola 102. Nimeyaweka matukio haya mawili pamoja kwa kuwa yalitokea pamoja. Malipo yale yalikuwa ya hiari na ya heshima, wala sheria haikuidai kampuni iyatoe. Lakini yalikuwa asante, hayakuwa hisa.

Mwaka uliofuata, 2022, ndipo mwanafunzi wa kawaida alipoguswa. Awali masomo yalipangwa kama mti. Ungefika mahali ukakuta mada tatu zimekaa ubavu kwa ubavu, chakula, familia na usafiri, ukachagua mwenyewe uanze na ipi, uiruke ipi, uirudie ipi. Mti huo ukaondolewa, ikawekwa njia moja inayopanda, kituo baada ya kituo, kila mmoja akipita palepale. Kampuni ilisema wengi walikuwa hawajui wafanye nini baadaye, na kwamba njia moja ingepanga marudio vizuri zaidi. Sitaipuuza hoja hiyo. Nimefundisha kwa zaidi ya miaka 30 na najua anayeanza hajui asichokijua. Ndiyo maana tuna silabasi. Hata hivyo, mwanafunzi anayeona silabasi haimfai anaweza kunipata ofisini na tukabishana. Wengi waliouomba mti urudi, au angalau waachiwe hiari ya kuchagua, hawakuupata. Mwaka huohuo kurasa za mijadala ya sentensi zilifungwa, na maelezo ya miaka mingi, yaliyoandikwa na wanafunzi kwa ajili ya wanafunzi, yakawa hayapo tena mikononi mwao.

Yaliyofuata yanajulikana. Machi 2023 kampuni ilianza kutumia GPT-4 katika huduma yake ya ghali. Mwaka huohuo taarifa za watumiaji wapatao milioni 2.6, zikiwemo anwani za barua pepe, zilizokuwa zimekwanguliwa kutoka jukwaani, zilizagaa miongoni mwa wadukuzi. Aprili 2025 ilitangaza kozi mpya 148 zilizoundwa kwa msaada wa akiliunde, ikieleza kwamba kozi 100 za kwanza zilichukua takriban miaka 12 kujengwa, na hizi mpya takriban mwaka mmoja. Miaka 12 ile ndiyo miaka ya waandishi wa kujitolea, ya vitufe vya kuripoti na ya mijadala.

Kwetu sisi watu wa Kiswahili, kutolewa kwa ujuzi wa lugha na kupelekwa mbali si jambo geni. Mwishoni mwa karne ya 19, William Taylor, mmishonari Mwingereza aliyekuwa Mombasa, alijifunza Kiswahili kwa mabingwa wa pale, na mkuu wao akiwa Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi. Sikujua ndiye aliyemsaidia kukusanya mashairi ya Muyaka bin Haji, yaliyokuwa yakiishi vinywani na katika karatasi za watu wa Mombasa nusu karne baada ya kifo cha mshairi. Taylor akiwa mwanafunzi, Sikujua akiwa mwalimu, data ilitoka Mvita ikaishia London, katika maktaba ya chuo tunachokiita leo SOAS. Diwani yenyewe ilichapishwa mwaka wa 1940 na William Hichens, Johannesburg. Kwa miongo mingi Mswahili aliyetaka kuiona miswada ile kwa macho yake alihitaji pasipoti na nauli ya meli au ndege. Hata hivyo jina la Sikujua halikufutika. Kila anayemsoma Muyaka kwa makini hulikuta. Mwanafunzi anayefungua leo somo la Kiswahili kwenye simu yake hakuti jina la aliyeiandika sentensi anayoijibu.

Mkondo mwingine ulikuwapo tangu mwanzo, na ni haki kuutaja. Mwaka wa 1994 Martin Benjamin alianzisha katika Chuo Kikuu cha Yale kamusi hai ya Kiswahili mtandaoni, mmoja wa miradi ya awali kabisa iliyowaalika watumiaji wenyewe kuongeza na kusahihisha maingizo. Mwaka wa 2002 Martin Dougiamas, Mwaustralia aliyesomeshwa utotoni kwa redio kwa kuwa makwao jangwani hapakuwa na shule karibu, alitoa Moodle, programu huria ambayo chuo chochote kinaweza kuipakua, kuisimika katika mitambo yake na kuitawala. Vyuo vikuu vingi hapa Kenya vinaitumia. Serikali ilipotangaza Machi 15, 2020 kwamba masomo ya ana kwa ana yangesitishwa kwa sababu ya korona, wengi wetu tuliingia humo kwa mara ya kwanza, wengine wakivutwa kama mbuzi wa kuchinjwa.

Moodle ilitatua nusu ya tatizo. Data haiko Pittsburgh, iko chuoni. Lakini chuo si mwanafunzi. Nieleze kisa kinachonikera. Mwanafunzi wangu wa uzamili alisomea shahada yake ya kwanza katika chuo kingine, ambacho sitakitaja. Katika somo la fasihi simulizi alitakiwa kukusanya ngano nyumbani kwao. Alimrekodi nyanya yake kule Kilifi akisimulia ngano nne kwa Kigiriama, mwanawe wa mwisho akiitikia, kuku wakisikika nyuma. Akazipakia sauti hizo kwenye jukwaa la chuo kama kazi ya kutahiniwa, akapata alama 68. Mwaka uliofuata aliibiwa simu ndani ya matatu. Kisha bibi mzee akafariki. Alipotaka kuzichukua zile sauti, alikuta chuo kimehamia jukwaa jipya, la zamani limefungwa, na nywila yake ilikufa siku alipohitimu. Fundi mmoja wa mitambo alimwambia kwamba huenda ziko katika hifadhi, huenda haziko, na kwamba kwa vyovyote vile hizo ni ‘rekodi za chuo’.

Za chuo! Hapa ndipo sarufi inapoingia. Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya mwaka 2019 imeandikwa kwa Kiingereza, na humo mtu ambaye taarifa zinamhusu anaitwa kwa neno ambalo, katika darasa la sintaksia, tungelitafsiri kuwa ‘kiima’. Kila mtahiniwa wa KCSE anajua kiima kina mamlaka gani katika sentensi ya Kiswahili. Kiima ndicho kinachoamua upatanisho: kikiwa ‘mwanafunzi’, kitenzi husema ‘anasoma’, kikiwa ‘wanafunzi’, kitenzi hakina budi kubadilika. Laiti sheria ingekuwa na maana hiyo! Ukiyasoma masharti ya majukwaa kwa jicho la mwanasarufi utaona mwanafunzi ni shamirisho. Tunakusanya data yako, tunaichanganua, tunaweza kuishiriki na wabia wetu. ‘Tu-’ ndiye kiima kila mahali. Na pale lugha inapolainishwa, mwanafunzi hupandishwa cheo kuwa shamirisho kitondo: tunakuboreshea huduma, tunakuchagulia somo. Kauli ya kutendea ina adabu nyingi. Bado haimpi anayetendewa nafasi ya kutenda.

Wenzetu Watanzania walitunga sheria yao mwaka wa 2022 na kuiita Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, wakalitafsiri neno lile kuwa ‘mhusika wa taarifa’. Ni tafsiri sahihi na inaeleweka. Lakini sisi watu wa fasihi tunamjua mhusika. Tunaweza kumpenda, kumlilia na kumwandikia tasnifu, lakini mwandishi anaweza kumuua sura ya nne bila kumuuliza. Ningependa neno lililokaribia ‘mwenye’. Kiswahili hutumia ‘mwenye’ kwa uhusiano ulio mpana kuliko hati ya kumiliki: mwenye nyumba anayo hati, mwenye mji ana mamlaka, mwenye njaa hana chochote ila njaa yake, na bado ni yake. Data ya mwanafunzi imo katika upana huo.

Ukiitafuta katika sheria yetu kauli kwamba data ni mali ya mtu fulani, huioni. Inachotoa ni haki. Kifungu cha 26 kinampa mtu haki ya kuarifiwa data yake inatumiwaje, kuifikia, kupinga ishughulikiwe, na kutaka irekebishwe au ifutwe ikiwa ni ya uongo au ya kupotosha. Kifungu cha 33 kinataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya data ya mtoto kushughulikiwa. Na haya si maandishi ya kupamba rafu. Septemba 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja ya Uthiru faini ya Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Shule nyingi ziliamka siku hiyo.

Na wazazi wakiamka, mambo hubadilika. Nchini Marekani, mradi wa inBloom ulizinduliwa mwaka 2013 kwa ufadhili wa takriban dola milioni 100, hasa kutoka kwa wakfu wa Gates, ili kuhifadhi pamoja rekodi za wanafunzi wa majimbo kadhaa na kuziwezesha kampuni za programu za masomo kuzitumia. Wazazi, hasa wa New York, waliuliza nani angeziona rekodi za nidhamu na za ulemavu za watoto wao, na hawakuridhika na majibu. Majimbo yakajitoa moja baada ya jingine. Aprili 2014 mradi ukatangaza kufungwa. Haukuwa umeshtakiwa kwa kuvujisha chochote. Watu walikataa tu kuamuliwa.

Sidai kwamba haki hizi zinamaliza kila kitu. Nikifuta rekodi yangu, hesabu iliyokwisha kujifunza kutokana na makosa yangu haijisahaulishi. Nikiiweka data wazi kwa kila mtu, kama wanavyofanya wanaosoma sentensi za Kiswahili kwa sauti katika mradi wa Common Voice wa Mozilla, mtafiti wa Eldoret ataipakua bure, na kampuni tajiri kuliko zote duniani pia itaipakua bure. Mimi bado naupendelea mlango ulio wazi kuliko uliofungwa, maadamu aliyeufungua ni yule aliyeisoma sentensi.

Kifungu kilichomfaa mwanafunzi wangu ni cha 38. Kinampa mtu haki ya kupokea data yake katika muundo unaosomeka na mashine na kuihamishia kwingine, na kinampa anayeishikilia siku 30 kutekeleza. Tulikisoma pamoja ofisini. Aliandika barua ya kurasa mbili kwa chuo chake cha zamani, akataja namba yake ya usajili, jina la somo, mwaka, na majina ya zile ngano nne. Aliiandika kwa Kiswahili, lugha ambayo kifungu cha 7 cha Katiba kinaitambua kuwa ya taifa na pia rasmi. Siku ya 19 alijibiwa kwa barua pepe: tafadhali wasilisha ombi lako kwa Kiingereza ili lishughulikiwe. Aliitafsiri usiku uleule, akaituma, na ile ya Kiswahili akaiambatisha. Chuo kinahesabu siku kuanzia barua ya pili. Sisi tunahesabu kuanzia ya kwanza.